Walimu Wanatuacha Pale Wanapoanza Kuiva

Ukiwauliza wazazi wa Amu, yaani kwetu Lamu, mwalimu mwema ni yupi, wengi watakujibu kwa alama. Ni yule aliyepitisha watoto wengi, aliyeitoa shule mkiani, ambaye darasa lake lilitoa mtoto akaitwa shule ya kitaifa. Siwalaumu. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, mpaka ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ndio uliokuwa mlango wa mtoto wa Faza au Matondoni kwenda kusoma na wenziwe wa Nairobi, na aliyekufungulia mlango humsahau. Lakini jibu hilo limetuzoesha kutazama mwisho wa kazi ya mwalimu bila kuiona kazi yenyewe. Kwa kuwa hatuioni, tunaiacha ivurugwe kila mwaka mbele ya macho yetu na hatusemi neno.

Chukua somo la hesabu la gredi ya tano. Mwalimu ameandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, na mtoto wa dawati la nyuma amejibu: mbili juu ya tano. Ni kosa, na kalamu nyekundu inaweza kulimaliza mara moja. Mwalimu wa kawaida ataandika jibu sahihi, tano juu ya sita, ataonyesha hatua zake, atauliza "Mmeelewa?", darasa zima litaitikia "Ndiyo, mwalimu!" na somo litasonga. Mwalimu mwema hapiti hapo. Atamuuliza yule mtoto: umefikaje? Mtoto akipata moyo wa kueleza, itabainika kwamba hakubahatisha. Juu alijumlisha moja na moja akapata mbili. Chini alijumlisha mbili na tatu akapata tano. Amefuata alichofundishwa tangu chekechea, kwamba ukiona alama ya kujumlisha, jumlisha. Kosa lake limejengwa juu ya kitu anachokijua vizuri, na ukimwambia tu kwamba amekosa hutakuwa umekiondoa kitu hicho kichwani mwake. Utakuwa umemfundisha kukificha.

Kwa hiyo mwalimu anatafuta swali litakalomfanya mtoto alione kosa kwa macho yake mwenyewe. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja katika kisiwa cha Pate nikamwona mwalimu akilitafuta. Hakurudi ubaoni. "Mwanangu," alimwambia, "mama amekuwekea nusu ya mkate wa mofa. Akaja bibi akakuongezea kipande. Mkate wako umezidi au umepungua?" Umezidi. "Haya. Mbili juu ya tano, ni zaidi ya nusu au ni chini ya nusu?" Mtoto akanyamaza. Wenye haraka wakainua mikono na kuanza kupiga vidole, mwalimu akawashusha wote kwa ishara ya kiganja bila kumwondolea macho yule mtoto. Kimya kikaendelea mpaka mimi mgeni nikaanza kumwonea haya. Hatimaye mtoto akasema, polepole, "Imepungua." Akafikiri tena. "Haiwezi kupungua."

Kuanzia hapo mtoto yule alikuwa na sababu ya kutaka kujua jinsi sehemu zinavyojumlishwa, maana jibu lake mwenyewe lilikuwa limemkera. Kilichobaki cha somo kilikwenda haraka.

Ili jambo dogo kama hilo litokee, mwalimu anahitaji kuijua hesabu, hilo halina mjadala. Lakini kuna ujuzi wa pili ambao hata mwanahesabu wa chuo kikuu huenda hana: kujua watoto hukwama wapi katika hesabu hii hasa, hukwama kwa sababu gani, na ni mfano upi utakaowakwamua. Katikati ya miaka ya 1980 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alitoa hoja kwamba huu ni ujuzi wa taaluma ya ualimu wenyewe, kwamba kulijua somo ni jambo moja na kulifanya lieleweke na mtu mwingine ni jambo jingine lenye elimu yake. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha kuuzika ule msemo wa barazani kwamba kila aliyesoma anaweza kufundisha. Hawezi. Tunadhani anaweza kwa kuwa sote tumepita shuleni, tumemtazama mwalimu miaka na miaka tukiwa tumekaa kwenye dawati, tukamwona akisema na kuandika. Alichokuwa akikifikiria wakati akisema na kuandika hatukukiona hata siku moja.

Kile kimya kilichonitia haya nacho kimechunguzwa. Miaka ya 1970 mtafiti mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza masomo mengi yaliyorekodiwa kwenye kanda, akapima mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja. Mtoto asipojibu ndani ya sekunde hiyo, mwalimu hulirudia swali, au hujijibu mwenyewe, au humpa mwingine. Na waliodhaniwa wazito ndio waliosubiriwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Walimu walipojizoesha kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na wasiojibu kabisa wakapungua. Sekunde tatu haziombewi bajeti. Hazihitaji kishikwambi wala maabara. Lakini jaribu kuzinyamazia mbele ya watoto hamsini, maazimio ya kazi yakikuambia ulipaswa kuwa umefika sura ya tano na wewe bado uko ya tatu, ndipo utakapoelewa kwa nini ni adimu hivyo.

Na hilo ni swali moja kwa mtoto mmoja. Philip Jackson, aliyekaa kwenye madarasa ya shule za msingi huko Marekani miaka ya 1960 akiandika anachokiona, alikadiria kwamba mwalimu huingiliana na wanafunzi wake hadi mara 1,000 kwa siku. Nimpe nani nafasi ya kujibu? Yule anayelia nimtoe nje au nimwache? Huyu anacheka kwa sababu ameelewa au kwa sababu amekata tamaa? Nirudie au nisonge? Mwalimu akitoka darasani saa kumi jioni akasema amechoka, kuna watu humcheka kwamba umechoshwa na nini na umeshinda kivulini. Ningependa mtu huyo afanye maamuzi hayo siku moja tu, kisha usiku asahihishe madaftari.

Sasa nije kwetu. Haya yote niliyoyataja hayaji na cheti. Chuo cha ualimu humpa kijana msingi, na msingi huo ni wa lazima, lakini hakuna chuo kinachoweza kumfundisha watoto wa Kizingitini kabla hajawaona watoto wa Kizingitini. Sehemu kubwa ya wema wa mwalimu ni elimu ya watoto hawa, wa mahali hapa, na elimu hiyo hupatikana kwa kukaa.

Mwalimu mgeni akimwona mtoto wa Amu ameandika "mato" atakata kwa nyekundu na kuandika "macho" pembeni, na atahitimisha kwamba mtoto hajui tahajia. Aliyekaa anajua kwamba mtoto ameandika kile hasa anachokisikia nyumbani, kwamba sikio lake ni zima kabisa, na kwamba kazi iliyopo ni kumzoesha Kiswahili cha kitabuni bila kumfanya aione aibu lugha ya mamake. Mwalimu mgeni ataona viti vitupu siku fulani fulani akadhani ni utoro wa ovyo. Aliyekaa anaijua kalenda ya maji: siku za bamvua, miamba inapoachwa wazi mbali, wapo watoto wanaoandamana na mama zao kutafuta pweza, na kwa hiyo mada mpya na ngumu haianzishwi siku hizo. Anajua kwamba mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza ametoka chuoni, yaani madrasa ya Kurani, alfajiri, ameshadurusu kabla ya kufika shuleni, na kwamba uvivu haumo. Anamjua aliyefiwa, na anayelelewa na bibi. Anajua ni nani ambaye babake yuko baharini wiki nzima, kwa hiyo hakuna haja ya kumwita mzazi kesho. Hakuna fomu inayoweza kumkabidhi mrithi wake mambo haya.

Gredi ya nne ndiyo hunipa wasiwasi zaidi. Mpaka gredi ya tatu sera inaruhusu mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Gredi ya nne masomo yanageuka Kiingereza. Mtoto wa Nairobi anakisikia Kiingereza njiani na kwenye televisheni. Mtoto wa Ndau hana pa kukisikia nje ya darasa. Mwaka huo mmoja anahitaji mwalimu mwenye subira na uzoefu kuliko mwaka mwingine wowote, anayejua ni lini arudi kwenye Kiswahili kufafanua na ni lini amwachie mtoto apambane. Ukimpa darasa hilo mtu aliyeshuka botini juzi, wakati aliyeliongoza mwaka jana amehama, usishangae kuona wengi wanaanza kuachwa nyuma papo hapo na hawaishiki njia tena.

Wanaohama wanahama kwa sababu ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa. Maisha ya mwalimu wa Lamu Mashariki yanafuata maji. Boti za Faza na Kizingitini hupita mkondo mwembamba wa Mkanda, na Mkanda unataka maji yajae, kwa hiyo safari ya kwenda mjini kufuatilia mshahara au kumpeleka mtoto hospitali haipangwi kwa saa ya ukutani. Kusi likichafuka, watu wanasubiri. Nyumba za walimu ni chache, na nyingine ni chumba kilichopunguzwa kutoka kwenye darasa. Serikali inayatambua haya yote, ndiyo sababu Lamu imo kwenye orodha ya maeneo ya mazingira magumu na mwalimu hulipwa marupurupu yake. Yanasaidia. Lakini kijana mwenye mke Kitui na mkopo benki hayahesabu kama sababu ya kubaki. Anayahesabu kama fidia ya muda anaousubiri kabla ya kuomba uhamisho.

Kisha kuna hofu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani ndani ya siku chache. Mwaka uliofuata ikaanza operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni. Shule za upande wa Basuba zikakaa miaka bila masomo ya maana, na watoto wa Waboni, ambao tayari walikuwa nyuma ya kila mtu, wakapoteza utoto wao wa shule. Walimu kutoka bara walioomba kuondoka wakati ule walikuwa na haki ya kuogopa. Sijawahi kukubaliana na wanaowasema vibaya. Lakini ni lazima tuseme pia kwamba shule iliyopoteza walimu wake wote kwa mpigo haikupoteza idadi tu. Ilipoteza kila kilichokuwa kikijulikana kuhusu watoto wake, na hilo halirudi siku milango inapofunguliwa tena.

Serikali nayo imeongeza mwendo wa kuhama. Mwaka 2018 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilianza kuwahamisha walimu, na walimu wakuu hasa, kutoka maeneo ya kwao kupelekwa mbali. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi. Mwalimu mkuu anayeongoza kijiji alichozaliwa ana ndugu wa kila upande, hawezi kumkanya huyu bila kumuudhi yule, na kuna shule ziligeuka kama duka la ukoo. Umoja wa taifa pia ni hoja, mtoto wa Siyu afundishwe na mwalimu kutoka Nyeri waishi wakijuana. Lakini sera iliendeshwa kana kwamba mwalimu ni kiti, ukikitoa chumba hiki ukakiweka kile kinabaki kiti kile kile. Familia zilitenganishwa, wengine wakaugua, Bunge likapiga kelele, na kuanzia 2023 tume ikaanza kuwarudisha. Kwa hiyo watoto wakabadilishiwa walimu mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Halafu ikaja sekondari msingi, Januari 2023. Shule za msingi zilipewa watoto wa gredi ya saba na walimu wachache, wengi wao wanagenzi kwa mkataba wa mwaka mmoja na posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kijana aliyesomea kemia na baiolojia akajikuta anafundisha pia kilimo, sanaa na masomo ya jamii, kwa kuwa hakuna mwingine. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema mpango huo wa uanagenzi unakiuka katiba, Mei walimu wakagoma, na mwanzoni mwa 2025 wanagenzi wapatao 46,000 wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu. Ni jambo la kushukuru. Lakini wakati huo huo wengine wapya walichukuliwa kwa uanagenzi ule ule, na mtu wa mkataba wa mwaka mmoja unamwambiaje ajifunze kalenda ya maji ya Mbwajumwali?

Gharama ya haya yote imepimwa kwingineko. Mwaka 2013 Matthew Ronfeldt, Susanna Loeb na James Wyckoff walichapisha utafiti wa shule za jiji la New York, wakifuatilia wanafunzi wa darasa la nne na la tano kwa miaka kadhaa. Waligundua kwamba walimu wanapohama kwa wingi, alama za hesabu na za lugha hushuka, na madhara ni makubwa zaidi kwa shule zenye watoto wanyonge. Kilichonishika zaidi ni kwamba hata watoto ambao mwalimu wao hakuondoka waliumia. Nikifikiria shule zetu ninaelewa kwa nini. Anayebaki ndiye anayebeba vipindi vya aliyeondoka, ndiye anayemwelekeza mgeni choo kiko wapi na mzazi gani ni mgumu, na ndiye ambaye hana tena mwenzake wa kumuuliza wakati wa chai, "Wewe mada hii uliifundishaje mwaka jana?"

Kuna watakaosema suluhisho ni moja: Lamu ifundishwe na watu wa Lamu. Nimelisikia hili kwenye kila baraza, na nusu yake ni kweli. Vijana wetu wanaohitimu ualimu ni wachache, na tangu cheti cha P1 cha ualimu wa shule za msingi kiondolewe na nafasi yake kuchukuliwa na stashahada, anayepata C ya kawaida kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ndiye anayeingia, na katika shule zisizo na walimu wa kutosha alama hiyo hupatikana kwa taabu. Basi wasaidiwe, wafadhiliwe, walipiwe. Lakini nusu ya pili sikubaliani nayo. Kati ya walimu bora niliowaona hapa, wengine walikuja kutoka bara wakiwa hawajui hata kupanda boti, wakakaa, wakajifunza kusikiliza Kibajuni, wakawa wanaalikwa harusini. Na wapo wenyeji walioshika darasa miaka mingi ambao hawakujifunza lolote kutoka kwa watoto, kwa kuwa mawazo yao yako dukani au kwenye siasa. Asili ya mtu haifundishi. Kukaa pia peke yake hakutoshi, ila bila kukaa hakuna kinachoanza.

Mji huu una ushahidi wake wa jambo hilo, na unaadhimishwa kila mwaka wakati wa Maulidi watu wakijaa mpaka barabarani. Habib Swaleh alikuja Lamu kijana kutoka Ngazija, mgeni. Akakaa. Akafundisha miongo kwa miongo, akawafungulia darsa watu wa hali ya chini ambao wakubwa wa mji wa zama hizo hawakupenda wakae mkeka mmoja na watoto wao. Msikiti wa Riyadha na madrasa yake vilikua kutokana na kazi hiyo, na wanafunzi wakatoka pwani yote ya Afrika Mashariki kuja kusoma hapa. Alipofariki miaka ya 1930 alikuwa ameshawafundisha watu ambao nao walikuwa na wanafunzi wao. Sidhani kuna mtu aliyewahi kumuuliza wastani wa darasa lake.

Sisemi kwamba chuoni kila kitu kilikuwa sawa. Kiboko kilitembea, na wapo wazee leo wanaosoma vizuri lakini wakikumbuka walivyojifunza wanakunja uso. Shuleni adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka 2001 na ninaiunga mkono marufuku hiyo bila masharti, maana mtoto anayeogopa fimbo hawezi kukueleza alifikaje kwenye mbili juu ya tano. Lakini chuo kilikuwa na kitu ambacho shule zetu hazina: maalim aliyekuanzisha alifu ndiye aliyekuwa anakusikiliza siku ya kuhitimu. Alikuwa anajua herufi gani ulikuwa unaikosea ukiwa na miaka sita.

Serikali yenyewe inapotaka kujua kama mwalimu ni mwema, inatazama karatasi. TPAD, mfumo wa TSC wa kutathmini walimu ulioanza 2016, unamtaka ajaze malengo, aambatanishe maandalio ya masomo, asainiwe, apakie kwenye mtandao, na kuna shule za kisiwani ambako mwalimu hupanda juu ya dari la msikiti au ufukweni kutafuta mtandao wa kupakia ushahidi kwamba anafundisha, saa ambayo angekuwa anasahihisha. Sipingi mwalimu kukaguliwa. Mtoto ana haki mwalimu wake akaguliwe. Ninapinga ukaguzi usioingia darasani, kwa sababu yule mwalimu wa mkate wa mofa na yule wa "Mmeelewa?" wakijaza fomu zao watafanana.

Ningeweka pesa kwenye nyumba kabla ya kitu kingine chochote. Nyumba nzuri, yenye maji na mlango unaofungika, inaweza kumfanya mwalimu alete familia yake, na aliyeleta familia anaacha kuhesabu miezi. Kaunti itasema, na itasema kweli, kwamba katiba imeipa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, walimu wa msingi na sekondari ni wa TSC. Lakini hakuna katiba inayomzuia gavana kukaa na tume na ofisi za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, za Lamu Mashariki na Lamu Magharibi wakakubaliana nyumba zijengwe wapi kwanza. Tena marupurupu ya mazingira magumu yangepanda kadiri mwalimu anavyokaa kituo kile kile, ili mwaka wa sita uwe na thamani kuliko wa kwanza. Na uhamisho ukilazimika, usifanyike katikati ya mwaka, na anayeondoka apewe wiki mbili za kukaa darasa moja na anayeingia. Wiki mbili hazitamkabidhi kila kitu. Zitamkabidhi majina, na zitamwonyesha ni watoto gani wa kusubiriwa sekunde tatu.

Sisi wazazi pia tuna letu. Kila shule ina mkutano muhula wa kwanza, na kwa kawaida tunasomewa wastani wa mwaka uliopita, tunatajiwa michango, tunaondoka. Mkutano ujao mtu mmoja asimame aulize mwalimu wa hesabu wa gredi ya tano yuko hapa tangu lini, aliyekuwa kabla yake aliondoka kwa nini, na anapolala sasa pana maji au hapana. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti na nyingine ofisi ya NG-CDF, na muhula wa pili maswali hayo hayo yaulizwe tena mbele ya watu.